Kiwanja Kimepimwa Upya, Tata

Mpendwa Tata, baba yangu,

Kiwanja kimepimwa upya. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hujauliza habari za Mama, ng'ombe au mtihani wangu. Kimepimwa na mpima ardhi wa halmashauri ya mji, kwa mnyororo wa chuma, na matokeo yake yamesomwa mbele ya watu. Sasa mji mzima unajua jambo tulilolijua wewe na mimi peke yetu. Na hakuna aliyelitukana jina lako. Nimeona nikuambie hayo mapema, usije ukasoma barua yote hii huku umeshika kifua.

Mwalimu wetu wa Kiswahili husema barua bila salamu ni kama mgeni anayeingia bila kubisha hodi. Basi salamu. Mama ni mzima, ingawa mguu bado unamsumbua wakati wa baridi. Dada Moraa amejifungua mvulana kule Chepilat, na wamempa jina lako. Ana mapaja manono na analia sana, jambo ambalo Mama anasema hukulifanya hata siku moja. Mimi niko kidato cha tatu. Bado sipendi kusimama mbele ya darasa, bado nasoma hata karatasi iliyofungiwa sukari.

Sasa nirudi kiwanjani.

Nilikuwa na miaka minane, Uhuru ulikuwa mchanga, na kila mtu alikuwa akisema harambee. Wewe ulikuwa umeacha unyapara kwenye shamba la chai ukaajiriwa na halmashauri kutunza uwanja wa michezo wa pale mjini, ambao kwa kweli ulikuwa nyasi tu na milango miwili ya mpira. Watu waliamua kwamba mji wetu nao uwe na njia ya kukimbilia, mzunguko kamili wa yadi mia nne na arobaini kama miji mingine. Hapakuwa na mnyororo wa kupimia. Ulikuwa umefungiwa katika ofisi fulani, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda likizo. Ukasema, "Basi nitatengeneza kipimo changu."

Nakumbuka tulivyokwenda Ijumaa kwenye duka la nguo, wewe na mimi, na kamba mpya ya katani begani mwako. Ulimwomba mwenye duka ile fimbo yake ya chuma ya yadi moja, ya kupimia vitambaa.

"Usinipindie chuma changu, mzee," akasema.

"Nitakirudisha kimenyooka kuliko wewe mwenyewe," ukamjibu, naye akacheka mpaka tumbo likagonga meza.

Tuliilaza kamba kwenye baraza ya duka, ukaipima yadi moja baada ya nyingine, mara mia moja na kumi, ukifunga kitambaa chekundu kila baada ya yadi kumi. Hukutaka mtu akusemeshe. Ulikuwa ukihesabu kwa Kigusii, kwa sauti ya chini, na mtu akipita akakusalimu uliinua kidole kimoja tu. Nilijivuna sana. Niliamini hakuna mtu katika wilaya nzima ya Kericho anayejua kuhesabu kama wewe. Si wewe uliyekuwa ukihesabu vikapu vya wachumaji sitini bila kuandika, na wakija kubishana unawakumbusha hata kikapu kipi kilikuwa na majani yaliyokomaa?

Jumamosi walikuja watu ambao sijawahi kuwaona pamoja tena hadi mwaka huu. Walimu walikuja, mafundi seremala, wenye maduka, wakulima waliotoka vijijini na majembe yao, na akina mama wachumaji kutoka mashambani, kila mmoja na ufito wake wa kupimia usawa wa michai mkononi. Wewe ndiye uliyewaita. Ulisema mtu anayejua kusawazisha meza ya michai, ule uso wake wa juu unaochumwa, anajua kusawazisha ardhi, maana ni jicho lilelile. Wakalaza fito zao juu ya udongo kama wanavyozilaza juu ya michai, wakainama kutazama chini yake, na pale mwanga ulipopita walimwaga udongo, na pale ufito ulipokaa juu ya kichuguu walilima. Hakuna chombo cha fundi kilichowashinda.

Asubuhi mlipima upande wa karibu na barabara, na kona ya kwanza. Jua lilikuwa kali. Saa nane mvua ikaja, kama kawaida yetu. Ulitazama juu, ukashika kamba kama mtu anayefikiria kuikunja.

Mama Nyaboke, mchumaji yule wa sauti kubwa, akakupigia kelele kutoka ng'ambo: "Mzee, wewe ni chumvi? Utayeyuka?"

Watu wote wakacheka. Ukacheka pia, ukavuta kamba. Jumatatu kila mtu angerudi kazini kwake, na ile ndiyo siku pekee mliyokuwa nayo. Mkapima kona ya pili na upande wa mbali huku maji yakiwatiririka mgongoni. Mwisho wa mstari haukukutana sawasawa na pale mlipoanzia. Fundi mmoja akasema, "Hiki si nyumba, hakitaanguka," mkaunganisha kwa macho. Nilikuwa nimekaa chini ya gunia, nikila mahindi ya kuchoma, na nilidhani ile ndiyo siku nzuri kuliko zote duniani.

Kisha ikaja Januari.

Kulikuwa na kiangazi, nyasi zimekauka, na wewe ulitaka kuchora upya mistari ya chokaa. Ulinipa ncha moja ya kamba niishikilie kwenye kigingi. Wewe ukaenda na ncha nyingine upande wa mbali. Nilikuona ukisimama. Ukarudi, ukaangalia kama nimeshika vizuri, ukaenda tena. Ukafanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu ukakaa chini kwenye nyasi, miguu umeinyoosha kama mtoto, na kamba imepita kigingi cha pili kwa hatua mbili nzima. Kona nayo ilikuwa vilevile. Ukijumlisha, mzunguko ulipungua hatua nne.

"Kwamboka," ukaniambia, "nimehesabu vibaya."

Hukuwa na hasira. Ulionekana tu kama mtu aliyeambiwa kwamba jina lake si lake.

"Watu wale wote walinyeshewa kwa sababu yangu, na mimi nimewapimia uongo. Nitawaambia mwenyewe. Wewe usiseme mpaka niseme."

Nikakubali, nikanyamaza.

Ulitaka kusema baada ya mavuno. Kisha ukataka kusema baada ya michezo ya shule, kwa sababu watoto walikuwa wamejiandaa. Nilikuwa nakuona ukivaa koti kwenda ofisini kwa karani, unafika kwenye mgomba wa jirani, unarudi. Sikulaumu, Tata, hata sasa. Najua vizuri jinsi neno linavyoweza kukaa kooni likawa kubwa kuliko koo lenyewe.

Halafu kulikuwa na Kiprono. Unamjua, lakini niache nimwandike: Kiprono alikuwa kijana wa kiwanda cha chai, wa chumba cha kukaushia majani, mrefu, mwenye meno meupe sana. Alikimbia nusu maili, yaani mizunguko miwili ya kiwanja chako. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kwetu kula ugali, akakuita Mzee wa Chokaa, na ukamwambia hana adabu, kisha ukamwongezea mboga. Siku moja kwenye mashindano ya wilaya alikimbia kwa muda mfupi mno hata mwalimu mwenye saa akaitikisa saa akidhani imeharibika. Akachaguliwa kwenda Nakuru kwenye mashindano ya mkoa. Mji mzima ulimsindikiza mpaka kwenye lori.

Uso wako siku ile ninauona hadi leo. Watu waliimba, na wewe ulikuwa umesimama kando ya gurudumu kama mfiwa. Kwa sababu ulijua. Mizunguko miwili, hatua nane. Ulijua kwamba saa haikusema ukweli, na kijana anakwenda kupambana na watu waliopimiwa kwa haki.

Alirudi bila kelele. Alikuwa wa mwisho. Jumapili iliyofuata hakuja kwetu, wala iliyofuata. Mjini watu wakaanza kunong'ona kwamba kiwanja chetu ni kifupi, na wengine wakaongeza kwamba kilifupishwa makusudi ili vijana wetu waonekane wana mbio. "Yule mzee ni mjanja," nilimsikia mtu akisema sokoni, huku nimeshika kikapu. "Alikata."

Nyumbani ulisema maneno machache tu: "Nimemtuma kijana wa watu vitani na silaha ya karatasi." Mama akauliza kijana gani, ukamwambia alete maji. Tangu hapo hukusema tena kwamba utawaambia. Ulichora mistari yako kila mwaka, nyeupe na iliyonyooka, juu ya kipimo ulichojua ni kibaya. Kisha kifua kikakushika, na mwaka juzi tukakuzika, na ile "mpaka niseme" yako ikabaki kwangu.

Sasa sikiliza jambo nililoligundua muhula uliopita.

Mwalimu wetu wa sayansi alitupa kitabu kuhusu nyuzi za mimea. Wengine walikisoma kwa sababu ya mtihani. Mimi nilikisoma chote, unanijua. Kulikuwa na ukurasa mmoja unaosema kwamba nyuzi za katani zikinywa maji hunenepa, na kamba iliyosokotwa kwa nyuzi hizo ikinenepa hujivuta na kuwa fupi. Nilisoma ukurasa ule nikiwa nimesimama. Kisha nikatoka nje kuangalia kamba ya Mama ya kuanikia nguo. Asubuhi ilikuwa imelegea katikati, shuka zinakaribia kugusa nyasi. Saa nane mvua ikanyesha, na nikasimama pale nikinyeshewa nikiiangalia, na kamba ikakaza, Tata. Ikakaza mpaka nguzo zikainamiana.

Mama akatoka mlangoni. "Wewe mtoto, badala ya kuanua nguo unazitazama zikiloa?"

Nikamwambia, "Mama, hakuhesabu vibaya."

"Nani?"

Nikaanua nguo.

Hukuhesabu vibaya. Kamba yako ilikuwa sahihi pale kwenye baraza kavu ya duka, na ilikuwa sahihi asubuhi. Mchana ilikunywa mvua ikawa fupi mikononi mwenu, na yadi zake zote zikawa fupi pamoja nayo. Januari ilipokauka, ilirudi urefu wake na kukusingizia. Uliishi miaka ile yote ukiamini kwamba akili yako ilikusaliti, na wala haikuwa akili. Nililia siku ile, sikufichi. Nililia kwa sababu nilikuwa na jibu na wewe hukuwepo wa kupewa.

Ndipo tangazo likabandikwa. Halmashauri inataka kuujenga upya uwanja wa mjini. Nchi sasa inapima kwa mita, basi njia ya kukimbilia ipimwe upya, kujengwe jukwaa lenye paa, uzio, na vyumba vya wachezaji. Na wananchi wote walialikwa ukumbini kutoa maoni, kwa sababu, karani alivyoandika, kazi itafanywa kwa nguvu za wananchi kama mwanzo. Neno "ipimwe" nililisoma mara mbili.

Nilikwenda na Mama, na sare yangu ya shule, tukakaa nyuma kabisa. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Karani ni kijana safi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitundika mchoro wa jukwaa, akaeleza kwa dakika nyingi. Alipomaliza, Mama Nyaboke akasimama. Amezeeka, lakini sauti ni ileile.

"Kijana, huyo mchoro umechorwa wapi?"

"Nairobi, mama."

"Nilijua. Mvua yetu inatoka upande wa msitu. Hii jukwaa yako imeangalia msitu, mdomo wazi. Tutalipwa nini, kukaa chini ya paa na kunyeshewa usoni?"

Ukumbi ukalipuka. Karani akageuza mchoro juu chini, kana kwamba hilo lingesaidia. Baada ya hapo watu walifunguka. Wauza uji walitaka mahali pao pasiondolewe. Mwalimu wa wasichana alidai choo cha wanawake, akasema wazi kwamba tangu Uhuru wanawake wa mji huu wanatazama mpira huku wamebana. Mzee mmoja kutoka Londiani, aliyehamia hapa kwa mwanawe, alisema atatoa miche ya miti ya kuzunguka uzio, mradi asiambiwe ahutubie. Karani aliandika yote. Kwa kweli aliandika, Tata, na jukwaa limegeuzwa.

Kisha akamwita mpima ardhi. Huyu ni mtu mnyamavu mwenye kofia ya nguo. Alisema amepima njia ya zamani kabla ya kuichimbua. Upande wa barabara uko sawa kabisa. Upande wa mbali na kona yake ni pungufu. Mzunguko mzima umepungua karibu yadi nne.

Hapo zikaanza kelele.

"Si tulisema!"

"Kumbe rekodi zetu zote ni za njia ya mkato!"

"Yule mzee alikata. Alikata makusudi, tukaaibika Nakuru!"

Karani akagonga meza. "Taratibu, wazee. Natakiwa kuandika sababu ya kosa. Nani alipima?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona mkono wake umeshika kona ya leso, na nikajua nikikaa kimya sasa nitakaa kimya maisha yangu yote, kama wewe. Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nikasema, "Alipima baba yangu."

"Sauti!" mtu akapiga kelele. "Hatusikii!"

"Panda kiti, mtoto," akasema Mama Nyaboke. "Nyinyi wanaume, nyamazeni, hamjawahi kuona msichana?"

Nikapanda kiti. Nilikiangalia kigae kimoja kilichopasuka ukutani, nikazungumza nacho. Nilisema kuhusu fimbo ya duka la nguo. Nilisema kwamba asubuhi kulikuwa na jua na mchana mvua, na ndiyo sababu upande mmoja ni sawa na mwingine si sawa, maana mtu anayetaka kudanganya hadanganyi nusu ya kiwanja. Nilisema kuhusu nyuzi za katani. Hapo nikaona nyuso zimeanza kunipotea, basi nikaacha kitabu nikasema, "Kama kamba ya nguo. Akina mama, kamba ya nguo ikinyeshewa inafanya nini?"

"Inakaza!" wakajibu, kama kanisani.

"Inavuta hata nguzo," mmoja akaongeza. "Yangu iling'oa msumari." Halafu akajishika mdomo. "Ai! Na sisi ndio tulikuwa tunavuta hiyo kamba!"

Kisha nikasema lililobaki, ambalo lilikuwa gumu zaidi. Nilisema kwamba ulijua. Kwamba uligundua Januari, ukadhani umekosea kuhesabu, ukashindwa kuwaambia watu, na kwamba nilijua pia, nami nikanyamaza. Nikasema, "Naomba msamaha kwa niaba yake na kwa niaba yangu." Nikashuka, kwa sababu sikuwa na kitu kingine.

Karani alikuwa ameinua kalamu. "Kwa hiyo niandike kosa ni la marehemu?"

Mama Nyaboke hakusubiri kupewa nafasi. "Marehemu alitaka kukunja kamba. Mimi ndiye nilimwita chumvi. Andika sisi."

"Mimi nilishika ncha ya pili," mzee mmoja akasema.

"Mimi ndiye nilisema iunganishwe kwa macho," akasema yule fundi, bila kusimama.

"Andika sisi wote," sauti zikasema, huku na huku, na karani akaandika. Nimeisoma kumbukumbu ya mkutano kwenye ubao wa matangazo. Imeandikwa hivyo: kosa la wananchi wote waliofanya kazi siku hiyo, kwa sababu ya mvua.

Nilidhani mambo yameisha. Lakini mtu mmoja akanyanyuka pale dirishani, akaingia ndani. Nilimtambua kwa meno. Kiprono sasa ana tumbo kidogo na watoto wawili.

"Mzee alidhani nilishindwa Nakuru kwa sababu ya kiwanja?" akauliza. Hakuwa akimwuliza karani. Alikuwa akiniuliza mimi.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hatua nane?" Akawageukia watu. "Jamani, yule mtu mwenye alishinda aliniacha kutoka hapa mpaka posta. Mngenipa hata hatua hamsini, angenipita akiwa anapiga miayo. Mimi nilishindwa na miguu ya watu."

Watu walicheka mpaka mpima ardhi akavua kofia. Mimi sikuweza kucheka. Baadaye, nje, alitufuata mimi na Mama. Alisema aliacha kuja kwetu kwa aibu. Siku ile ya lori ulimpa mayai manne ya kuchemsha, ukamfungia kwenye kitambaa. "Mtu anakupa mayai manne," alisema, "na wewe unarudi kwake ukiwa wa mwisho. Nilimwona mara nyingi kiwanjani akichora chokaa. Nilikuwa napita mbali. Nilidhani amenichoka."

Basi mlikuwa mkikwepana, Tata. Kila mmoja alikuwa akimwonea mwenzake aibu, na katikati yenu hapakuwa na kitu. Nilipolijua hilo nilikukasirikia kidogo. Ungemwita tu. Ungesema, "Kiprono, njoo, kiwanja hiki ni kifupi," naye angekwambia habari za yule mtu aliyepiga miayo, na mngecheka, na angekula ugali kwetu miaka yote ile. Mama naye alisema jambo tulipokuwa tukirudi nyumbani. Alisema, "Kila ilipopita siku ya michezo baba yako alinyamaza siku tatu. Nilikuwa nadhani amenikasirikia mimi." Kisha akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua kuni.

Kazi imeanza. Jumamosi mbili zimekwisha, na watu ni wengi kuliko zamani. Akina mama wamekuja na fito, na mpima ardhi aliwatazama wakisawazisha, kisha akaweka chombo chake cha kuangalia usawa, kisha akakirudisha kwenye sanduku. Kiprono anapanga vijana. Amekuja kwetu Jumapili zote mbili. Amejaa hamu ya kuongea. Alimweleza Mama ulivyokuwa ukimkimbiza kwa fagio akikanyaga chokaa mbichi, na Mama akacheka kama sijamsikia akicheka tangu uondoke.

Limebaki jambo moja la kukuambia, nami nimeliacha mwisho kwa sababu linaniuma. Mwaka jana shuleni wasichana walikuwa wakifanyia mzaha kiwanja cha mji, na mmoja akauliza ni nani alikipima. Nilijibu kwamba simjui. Nilisema hivyo, Tata, kuhusu wewe.

Jumatatu asubuhi nilipita kiwanjani nikienda shule. Vigingi vipya vimezunguka pote. Mzee mmoja nisiyemjua alikuwa akilinda saruji, akanisimamisha. "Msichana, watu wanamtaja mzee mmoja wa chokaa. Wewe unamjua?"

"Namjua," nikasema. "Ni baba yangu."

Akasema, "Aa," akanipisha nipite.

Pumzika sasa, Tata. Nimeshasema, na watu wamesikia.

Ni mimi binti yako.